Bilauri Juu ya Cherehani

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, maana kwa simu siwezi kujua. Tangu mwaka uanze nimekupigia mara kumi na moja. Mara tisa imeita mpaka ikakata yenyewe. Mara mbili ulipokea ukasema "ndiyo, ndiyo, sawa." Nikakuuliza umekula nini mchana, ukanijibu "kesho." Nilicheka peke yangu, halafu baadaye nikaanza kujiuliza kama umenikasirikia. Kama nimekukosea niambie, mimi ni mpwa wako, nitapiga magoti hata kwenye barua.

Memori kadi yenye video zako imefika salama, kondakta wa basi aliitunza vizuri. Sasa tuongee kazi. Chaneli yetu imetimiza mwaka, ina video kumi na nne na watu themanini na watatu. Nusu yao ni ndugu zetu, na nusu nyingine ni wenzangu wa ofisini niliowashikia simu zao nikabonyeza mwenyewe. Hapa kampuni ya maji napokea simu za malalamiko kutwa nzima, na chaneli hii ndiyo kitu pekee nikirudi nyumbani nakifanya kwa moyo. Naumia kuona fundi kama wewe anatazamwa na watu ishirini.

Nina maombi mawili. Kwanza, nimeona chaneli za kushona gauni zina watu mpaka laki mbili. Kwa nini na sisi tusifundishe gauni? Pili, ile bilauri ya maji unayoiweka juu ya cherehani iondoe, tafadhali. Inaonekana kama mtu ameacha kinywaji chake kwenye picha.

Mpwa wako,
Kasuku


11 Februari

Kasuku,

Marahaba. Niko mzima, mgongo tu ndio unajifanya mzee kunizidi. Sina hasira na mtu. Simu haishikiki ukiwa na grisi mkononi, na mimi grisi inanitoka siku ya kuoga. Andika barua. Barua naisoma mara mbili, tena nikiwa nimekaa. Na hiyo memori inakuja kwa basi kila mara, kwa hiyo bahasha ipo tu.

Kuhusu gauni, umenichekesha. Mimi sijawahi kushona hata foronya. Miaka thelathini na mbili natengeneza kinachoshona. Ukitaka mtu wa gauni, hapo mbele ya fremu yangu ya kupanga yupo Mama Vifungo, anashona tangu asubuhi na mdomo wake haupumziki. Mfuate yeye.

Ila nina swali, wewe unayejua mambo ya mitandao. Hao watu laki mbili wa gauni, cherehani ikiwagomea katikati ya kazi, wanampigia nani?

Bilauri inabaki. Maji yakitikisika najua chuma kinagusana na chuma mahali pasipostahili. Ni mbinu ya mafundi wa zamani, wewe huwezi kuijua.

Mjomba wako,
Fundi


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Swali lako lilininyima raha. Wanampigia nani? Nikaamua kwenda kuangalia mwenyewe.

Jumapili mbili mfululizo nimekaa na daftari, nikasoma maoni ya watu chini ya zile chaneli kubwa za gauni. Sikusoma pongezi. Nilitafuta maswali ambayo hayakujibiwa. Mjomba, nimeandika maswali mia moja na arobaini na sita. "Dada, yangu inakula uzi chini, nifanyeje?" "Yangu inaruka mishono kwenye kitambaa kizito tu." "Inashona vizuri mbele, kurudi nyuma haitaki." "Inagonga, inagonga, naogopa kuikanyaga." Na chini ya kila swali hakuna kitu, au mwenye chaneli ameweka alama ya kopa, ule moyo mwekundu, akapita zake. Watu wanaomba msaada hadharani na wanajibiwa kwa kopa.

Halafu nikaona kosa langu, na nimelionea aibu. Unakumbuka video yako ya kwanza? Mimi niliipa jina "Marekebisho ya Mvutano wa Uzi wa Juu." Nilijiona msomi. Sasa niambie, mtu ana nguo ya mteja mkononi, mteja mwenyewe amesimama mlangoni anaangalia saa, ataandika hivyo? Ataandika "cherehani inakula uzi." Na mimi nilipaswa kujua kuliko wote. Hapa kazini hakuna aliyewahi kunipigia akasema mita yake ina hitilafu ya kipimo. Anasema, dada, mita inakimbia na bomba nimefunga. Miaka mitatu nasikiliza watu wakisema shida zao kwa maneno yao, nikifika nyumbani nayasahau yote.

Basi nimeyabadilisha majina ya video zote kumi na nne. Na nimekuwekea humu orodha ya maswali yanayorudiwa sana. Tengeneza video moja kwa swali moja. Sema kama unavyomwambia mteja.

Jambo lingine, usinune. Mama ameniambia Mama Vifungo analalamika. Anasema amekusalimia mara tatu ukapita kimya, na siku hizi anawaambia wateja fundi ameota mapembe. Wewe uliyenichapa kwa kutomsalimia muuza mkaa? Una nini, Mjomba?

Kasuku


15 Machi

Kasuku,

Marahaba. Memori ina video tatu. Ya kwanza ni ya kula uzi. Watu wanahangaika na bobini chini, kumbe ugonjwa uko juu. Wamepitisha uzi mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa, uzi haukuingia kati ya zile sahani mbili za kuubana. Inua mguu kwanza, pitisha uzi upya, kwisha habari. Ya pili ni kuruka mishono. Ya tatu ni hiyo ya kugonga. Safari hii simu nimeifunga kwenye taa ya mezani kwa selotepu, haichezi kama zamani. Zote nimezikagua, ziko sawa.

Orodha yako ni kazi nzuri. Nimeisoma yote. Sikujua kama watu wako wengi hivyo peke yao na mashine mbovu.

Kwa Mama Vifungo nilipita nikiwa na mawazo. Ataacha mwenyewe.

Sasa nikuambie jambo kabla hujalisikia kwa mama yako akaliwekea chumvi. Dada yangu ameniomba nihamie kwake nimsaidie kuku, na nimemkubalia. Mwisho wa mwezi wa sita nakabidhi fremu kwa mwenyewe. Wateja wamepungua, na wengine wamerudisha mashine mara mbili kwa ugonjwa uleule. Fundi akirudishiwa kazi ajue muda wake umekwisha. Usinibishie. Tumalize hizi video mpaka mwezi huo, halafu chaneli ifanye unavyotaka, hata gauni.

Fundi


5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nakubishia. Wewe na kuku wapi na wapi? Jogoo wa Mama alikufukuza mpaka ukapanda juu ya tangi, nilikuwepo. Hilo la kurudishiwa kazi silielewi hata kidogo, maana nimekua nikisikia watu wakisema mkono wako haurudiwi. Kuna kitu hunielezi, na kinaniuma kwamba hunielezi mimi.

Ila kwanza nikiri kosa langu, kisha nikupe habari.

Video ya kula uzi imetazamwa mara mia tisa kwa wiki moja. Ya kuruka mishono, mara mia sita. Nilikuwa nimeshaanza kutamba ofisini. Ile ya tatu, ya kugonga, niliipandisha wakati wa chakula cha mchana nikiwa kwenye foleni, sikuwa na spika za masikioni, nikaangalia picha tu nikaona ni nzuri. Siku ya nne ndipo nikaifungua nyumbani. Haina sauti. Mjomba, dakika kumi na moja midomo inacheza na hakuna hata mlio, tangu mwanzo hadi mwisho. Nadhani selotepu yako iliziba kile kitundu cha maiki. Nikashika kichwa. Nikawa nataka kuifuta, kidole kiko tayari, ndipo nikaona namba.

Elfu nne na mia mbili. Kwa siku nne. Na maoni zaidi ya mia.

Nikayasoma nimesimama. Mtu mmoja ameandika: "Karakana yetu ina cherehani kumi na mbili, kwa kelele hatujawahi kusikia video yoyote humu ndani. Hii tumeielewa wote." Mwingine: "Hatimaye mtu anayeonyesha mikono yake." Mwingine: "Tumeitazama darasani mara sita. Sisi ni viziwi. Hakuna aliyewahi kututengenezea sisi." Na wengi, Mjomba, wengi wanaitaja bilauri. Wanasema wanaona maji yanavyoruka sindano inaposhuka, wanaona yanavyotulia ukishakaza ile parafujo. Kile nilichokuomba uondoe ndicho wanachokitazama.

Nimerudi kwenye chaneli za wengine kuangalia upya. Wote wanaongea. Wanaongea huku mkono umefunika kazi, wanasema "mnasikia hiyo?" na kuendelea. Nilikuwa natafuta maswali yaliyokosa majibu, kumbe kuna watu hata maswali hawakuwa wameuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwatazama.

Sasa swali dogo tu. Uliniandikia kwamba video zote ulizikagua. Ilikuwaje usigundue haina sauti?

Ndani humu kuna bahasha nyingine. Ni ya mwalimu wa ushonaji wa chuo cha viziwi. Aliniomba anwani yako, nikampa yangu kwanza. Ameandika "kwa Fundi mwenyewe," sikuifungua, ingawa unanijua nilivyo.

Kasuku


31 Machi

Kwa Fundi wa bilauri,

Shikamoo. Samahani kwa kukuita hivyo, ndivyo wanafunzi wangu wanavyokuita.

Mimi ni mwalimu wa ushonaji, na ni kiziwi tangu nina miaka minane. Nina wanafunzi thelathini na mmoja. Wanashona vizuri kuliko wengi, lakini wana shida moja ambayo sikuwahi kupata wa kumwuliza. Fundi anayesikia huonywa na kelele. Mashine ikianza kuumwa anaisikia siku nyingi kabla. Wanafunzi wangu huonywa sindano inapovunjika, au mashine inaposimama kabisa. Stoo yetu ina mashine tisa zilizokufa hivyo. Mafundi wanaokuja kutengeneza wanatupa mgongo, wanaongea na ukuta, wanaondoka. Video yako ndiyo mara ya kwanza tumeona ugonjwa wa mashine kwa macho.

Nina swali, na usipotaka usijibu. Nimeitazama video ile mara nyingi. Unaweka vidole vitatu juu ya chuma kabla ya kuzungusha gurudumu, na macho yako hayatoki kwenye maji. Mtu alipita nyuma yako akaangusha kitu kizito, maji yakaruka, ndipo ukageuka. Fundi anayesikia hahitaji bilauri. Je, wewe unasikia?

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa ushonaji


14 Aprili

Mwalimu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku nne. Nimeificha chini ya boksi la sindano, kama mtoto aliyeficha ripoti ya shule.

Hapana. Sisikii.

Sikio la kushoto lilianza miaka mitatu iliyopita, la kulia likafuata. Daktari alisema halirudi. Kifaa nilichopewa kinaniletea mvumo, maneno hayaji. Wewe ni mtu wa kwanza kuniuliza na wa kwanza kumwambia. Mpwa wangu anadhani nachukia simu. Dada yangu anadhani nimekuwa mkali. Jirani yangu anadhani nina maringo kwa kuwa siitikii salamu. Nimewaacha wadhani, maana kila mmoja ameona kitu ambacho naweza kukivumilia.

Utaniuliza kwa nini. Mimi nilijulikana kwa sikio. Mteja alikuwa akikanyaga cherehani mara mbili tu mlangoni, namwambia sindano imepinda kabla sijainuka kwenye kiti. Watu walikuwa wanaleta wageni waje waone. Sikio lilipoondoka nilianza kukosea. Mashine zikarudi. Bilauri niliibuni mwenyewe miaka miwili iliyopita, nikamdanganya mpwa wangu kwamba ni mbinu ya zamani. Inasaidia, lakini ni polepole, na mteja anayesubiri hapendi polepole. Halafu ananiuliza kitu nami simwelewi, namjibu ovyo, anaondoka akitikisa kichwa. Nimechoka, Mwalimu. Mwezi wa sita naacha.

Nakuomba usimwambie mpwa wangu.

Fundi


24 Aprili

Fundi,

Shikamoo. Siri yako ni yako, kwangu haitoki.

Lakini sikubaliani nawe katika jambo moja. Umesema bilauri ni polepole. Ni polepole kwa mteja mwenye haraka. Kwangu mimi umegundua jambo ambalo waliosikia miaka yote hawakulazimika kuligundua. Nimewawekea wanafunzi bilauri kila mmoja kwenye mashine yake. Wiki iliyopita msichana mmoja aliinua mkono, maji yake yalikuwa yanaruka upande mmoja. Tukafungua, tukakuta parafujo imelegea. Sindano ilikuwa haijavunjika bado. Darasa zima lilisimama kumwangalia.

Nakukaribisha chuoni. Njoo siku mbili utufundishe kutengeneza zile mashine tisa za stoo. Hapa hutahitaji kumjibu mtu ovyo. Kila mtu anaandika au anaonyesha, na hakuna anayeona ajabu.

Na neno la mwisho, nalo ni zito. Mpwa wako ameniandikia. Hakuniuliza chochote kuhusu masikio yako. Ameniuliza kama mimi nionavyo, mtu mzima nisiyewajua ninyi, inawezekana mjomba akamchoka mpwa aliyemlea. Sikumjibu. Jibu unalo wewe.

Mwalimu


5 Mei

Kasuku, mwanangu,

Uliniuliza ilikuwaje nisigundue video haina sauti. Kwangu mimi zote hazina sauti. Sisikii, Kasuku. Ni mwaka wa tatu huu.

Niliikagua kwa macho, nikaona midomo yangu inacheza, nikaridhika. Zile mbili za kwanza zilikuwa na sauti kwa bahati tu. Ulipoandika kuhusu selotepu nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaogopa kwamba umeshanijua.

Simu zako zote niliziona. Niliona jina lako linawaka, nikawa naikodolea macho mpaka izime. Zile mbili nilipokea kwa sababu ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa na siku yako ya kuzaliwa. Nilisema ndiyo, ndiyo, nikitumaini hujauliza swali la hapana. Sikukuchoka. Nisikilize hapa vizuri, sikukuchoka hata siku moja. Nilikuwa naona haya. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa chini ya meza yangu ukiwatambia watoto wenzako kwamba mjomba anasikia mashine zikiongea. Sikutaka ujue zimenyamaza.

Nimekukosea kwa kukuacha ujilaumu. Nisamehe.

Mjomba wako


12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwenye choo cha ofisini, maana nilijua tu nitalia. Nilitoka macho mekundu, msimamizi akadhani mteja amenitukana, akanipa chai.

Nina hasira nawe. Miaka mitatu! Nilikuwa nakupigia nakusimulia mambo yangu yote, nawe hukusikia hata moja, kumbe nimempa siri zangu fundi asiyejua lolote. Nitayaandika yote upya, uandae miwani.

Nimekusamehe kabla sijafika nukta ya mwisho. Nami nisamehe kwa "kesho." Niliisimulia kwa watu kama kichekesho.

Sasa chaneli. Imefika watu elfu sita na mia tano. Nimefanya nilivyofanya mara ya kwanza, nimekaa na daftari, lakini safari hii nimesoma wanaoomba chini ya video ile isiyo na sauti. Wanaomba vitu ambavyo sijaviona popote. Jinsi ya kujua mkanda unachakaa kabla haujakatika. Jinsi ya kujua mashine imekauka mafuta kwa kuigusa. Jinsi ya kumwelewesha fundi anayekupa mgongo. Wewe unayajua yote hayo, Mjomba, na umeyajua kwa taabu, peke yako, ndani ya hiyo fremu. Nataka tuzitengeneze hivyo kwa makusudi, mikono ionekane yote, na maneno makubwa kwenye picha nitayaandika mimi.

Ila kuna jambo sitalifanya. Sitamwambia mtu yeyote kwamba husikii. Wala Mama. Najua likisemwa video zitatazamwa zaidi, watu wanapenda habari za namna hiyo, na ndiyo sababu sitaki litoke kwangu. Ni lako. Ukilisema sawa, ukinyamaza sawa.

Na mwezi wa sita unakaribia. Siwezi kukulazimisha. Naogopa tu, na nimeona nikuambie kwamba naogopa.

Kasuku


2 Julai

Kasuku,

Marahaba. Najua umehesabu siku. Nilikaa kimya kwa sababu nilitaka kukuandikia mambo yakiwa yametokea, siyo nikiwa nayapanga.

Nilikwenda chuoni katikati ya mwezi wa sita. Siku mbili zikawa tano. Mashine saba kati ya tisa zinashona, mbili nimezichinja nikachukua vipuri vyake. Pale nilikula mezani na watu thelathini, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikuwa najifanya naelewa. Wanafunzi walinifundisha ishara arobaini. Nilizokamata ni kumi na mbili, na moja wamenikataza kuitumia mbele ya Mwalimu. Walinicheka mpaka wakashika mbavu. Nilicheka nao.

Nilipita kwa mama yako wakati wa kurudi. Nilimwambia habari ya masikio kwa mdomo, uso kwa uso. Alinipiga kofi la bega, akanikumbatia, akanipiga tena. Kuhusu kuku nimemwambia watafute mlezi mwingine. Naona hata wao walifurahi.

Kisha nikarudi kwenye fremu nikakaa siku nzima bila kufungua hata boksi moja. Nilikuwa naogopa jambo dogo tu, Kasuku, kutembea hatua nane mpaka kwa Mama Vifungo. Nilikwenda na kipande cha karatasi. Niliandika: "Sikuwa nakunyamazia. Masikio yangu yamekufa. Salamu zako zote nazipokea leo." Alisoma, akakaa chini. Akaniandikia nyuma ya karatasi ileile kwamba yeye ni mjinga, na mimi mjinga zaidi. Toka siku hiyo akinisalimia anagonga meza yangu kwanza. Na mdomo wake umekuwa tangazo langu, mpaka stendi wanajua.

Video iliyomo kwenye memori hii nimeianza mwenyewe, usikate mwanzo. Nimeshika kipande cha boksi, nimeandika kwa kalamu nene: "Mimi ni fundi wa cherehani. Sisikii. Tazama mikono." Niliandika mara tatu, mbili za kwanza nilizitupa. Irushe hivyohivyo.

Juzi tarehe thelathini mwenye fremu alikuja asubuhi kuchukua funguo, kama tulivyokubaliana. Alinikuta nina mteja. Mwanamke wa makamo, simjui, amesafiri usiku kucha na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye khanga, amekipakata. Ni kiziwi. Ameziona video zetu kule kwao. Nilitengeneza mashine yake saa mbili nzima, polepole, na yeye akaweka vidole vyake kando ya vyangu juu ya chuma, tukawa tunaangalia maji pamoja. Yalipotulia alinipa mkono. Mwenye fremu alikuwa bado amesimama pale mlangoni anatutazama, sijui alikuwa anawaza nini.

Yule mama akachukua kalamu yangu. Akaandika kwamba kule kwao kuna washonaji wenzake wengi, kila mmoja ana mashine inayomsumbua, na nauli wanajichanga. Wanataka kujua mimi nipo mpaka lini.

Nilimwangalia mwenye fremu, nikamwangalia yeye. Nikachukua kalamu nikaandika neno moja, nikaligeuza walione wote wawili.

Nipo.

Mjomba wako,
Fundi